Mtoto Mchanga Asikia na Akumbuka

Katika darsa yetu ya baada ya Isha huku Kisauni, tulipokuwa tukizungumza juu ya malezi, mzee mmoja alitoa kauli ambayo wengi waliokuwapo waliitikia kwa vichwa. Alisema: "Mtoto wa miezi mitatu ana akili gani, sheikh? Yeye ni kunyonya na kulala. Akili humjia aanzapo kusema, na hapo ndipo tumpelekapo chuoni." Kauli hii si ya mzee huyu peke yake. Twaisikia Likoni, twaisikia Changamwe, na twaisikia hata kwa watu waliosoma skuli wakafika mbali. Nasi tuliahidi kuijibu kwa maandishi, kwa sababu ni kauli yenye madhara: mtu aaminiye kwamba ndani ya kichwa cha mtoto mchanga hamna kitu, hatakilinda kichwa hicho.

Jawabu yetu ni kwamba mtoto huanza kusikiliza na kukumbuka kabla hajazaliwa, na kwamba miaka yake miwili ya kwanza ndiyo ambayo ubongo wake hujengwa kwa kasi isiyorudi tena katika umri wake wote. Haya si maneno ya kukisia. Yamepimwa, na mengine yamepimwa papa hapa pwani yetu.

Kwanza tufahamiane juu ya maneno mawili. Kwa neno umakini twakusudia ule uwezo wa mtu kuyakusanya macho yake, masikio yake na moyo wake juu ya jambo moja, akayaacha mengine yapite. Na kumbukumbu ni kule kukiweka kilichopita, hata kikirudi kikajulikana. Viwili hivi ni ndugu. Asiyeangalia hana cha kukumbuka, na asiyekumbuka hawezi kujua lipi lililo jipya la kuangaliwa.

Sasa, mtu mzima ukitaka kujua akumbuka nini, wamwuliza. Mtoto mchanga utamwuliza vipi? Hili liliwatatiza wataalamu muda mrefu, mpaka walipotanabahi kwamba mtoto ana njia nyingine za kujibia: kunyonya kwake, macho yake, na miguu yake.

Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walitangaza khabari ya watoto 10 waliokuwa katika siku 3 za mwanzo za maisha yao. Kila mtoto alivikwa masikioni vyombo vya kusikilizia, akapewa chuchu ya mpira isiyotoa maziwa. Mtoto mchanga hunyonya kwa mafungu: hunyonya, akapumzika kidogo, akanyonya tena. Basi ikatengenezwa kwamba akipumzika kwa muda wa namna moja, husikia sauti ya mamake ikisoma hadithi. Na akipumzika kwa muda wa namna nyingine, husikia mwanamke mwingine akiisoma hadithi ile ile. Wengi wa watoto wale wakaubadilisha mwendo wa kunyonya kwao ili wapate kuisikia sauti ya mama. Sauti hiyo waliijulia wapi, nao wana siku mbili tatu tu duniani? Mwaka 1986 DeCasper na mwenzake Melanie Spence walilifuatilia swali hilo. Kina mama wajawazito walisoma hadithi moja kwa sauti kila siku katika wiki 6 za mwisho, na watoto walipozaliwa wakaipendelea hadithi hiyo kuliko ile wasiyopata kuisikia. Kwa hiyo hiyo ni kumbukumbu iliyowekwa tumboni.

Hapa twajua baadhi ya wasomaji wetu watarukia kusema: "Kumbe ndiyo sababu ya kumwadhinia mtoto sikioni!" Twawaomba wasiende mbio. Sisi twaadhini kwa sababu ndivyo tulivyopokea, wala hatungoji Mmarekani na chuchu yake ya mpira atuthibitishie. Kila kinapogunduliwa kitu, wako watu hukimbilia kusema kimo katika Kitabu tangu zamani, na kesho wataalamu wakibadili kauli watu hao hawana pa kuuficha uso. Lakini na yule aitoaye aya ya 78 ya Surat An-Nahl kuwa hoja ya kwamba mtoto hana akili, naye twamwambia aisome mpaka mwisho. Aya hiyo yataja kuwa mtu hutoka tumboni hajui kitu, kisha yataja vyombo alivyopewa vya kujulia, na kusikia kumetangulizwa. Kutokuwa na elimu si kutokuwa na chombo cha elimu.

Turudi kwenye macho. Robert Fantz, mtaalamu wa Marekani, katika miaka ya mwisho ya 1950 na ya mwanzo ya 1960, alikuwa akimlaza mtoto chali na kumwonyesha picha mbili juu yake, kisha huchungulia kwa tundu apime mtoto ameitazama ipi kwa muda mrefu zaidi. Akaona kwamba hata mtoto wa siku chache hutazama zaidi michoro na sura za uso kuliko rangi tupu. Na mwaka 1964 akatangaza jambo kubwa zaidi: mtoto aliyepita miezi miwili, akionyeshwa picha moja tena na tena, huichoka, akiletewa mpya, huifungulia macho. Kuchoka huku si kitu kidogo. Huwezi kukichoka kitu ila umekumbuka kwamba ulikwisha kukiona. Tangu hapo wataalamu wa dunia nzima wamekuwa wakikitumia kipimo hiki cha kuzoea na kushangaa, nacho ni kipimo ambacho mama yeyote aweza kukiona mwenyewe mtoto wake akiwa mapajani.

Ama miguu, hiyo ni kazi ya bibi Carolyn Rovee-Collier, aliyeanza na mwanawe mwenyewe. Alimfunga mtoto utepe mguuni, na ncha ya pili akaifunga katika vitu vya kuchezea vilivyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha mguu, vitu hucheza. Punde si punde mtoto hufahamu kwamba ni yeye avichezeshaye, akazidi kurusha mguu kwa furaha. Kisha utepe hufunguliwa, na mtoto hurudishwa chini ya vitu vile vile baada ya siku kadhaa. Akirusha mguu mara moja, amekumbuka. Akivitazama tu, amesahau. Ikadhihirika kwamba mtoto wa miezi 2 hukumbuka kwa siku moja mpaka tatu hivi. Wa miezi 3, yapata wiki moja. Wa miezi 6, yapata wiki mbili. Na lililotuvutia zaidi sisi walimu ni hili: mtoto wa miezi 3 aliyekwisha kusahau, akionyeshwa tu vile vitu vikicheza kwa dakika chache siku moja kabla ya kupimwa, kumbukumbu yake hufufuka. Mwanafunzi wa hifdhi aiachaye juzuu yake bila ya kuirudia alijue hili. Durusi ni kanuni iliyowekwa katika ubongo wa mwanadamu tangu angali akinyonya, si ukali wa mwalimu tu.

Ndani ya fuvu mna nini wakati huo? Ubongo wa mtoto azaliwapo una uzito wa takriban robo ya ubongo wa mtu mzima. Afikapo miaka miwili umekwisha kufika yapata robo tatu. Uzito huo haukuongezeka kwa kuzaliwa chembe mpya khasa. Waongezeka kwa chembe zilizopo kunyoosha matawi na kushikana, na kwa nyuzi zake kuvikwa utando wa mafuta uziwezeshao kupeleka khabari upesi. Viungo baina ya chembe na chembe hufanywa vingi kupita haja, kisha vile vitumiwavyo huimarika, na visivyotumiwa hupunguzwa, kama mkulima apandaye miche mingi shimo moja akang'oa iliyo dhaifu. Kila sauti aisikiayo mtoto na kila uso umtazamao ni sehemu ya uchaguzi huo.

Hapo ndipo watu huuliza: kama mtoto akumbuka, mbona sisi hatukumbuki tulivyonyonya? Suala zuri. Iko sehemu ndogo ndani ya ubongo, pande zote mbili, iitwayo hipokampasi, jina lililotokana na samaki aitwaye farasi wa baharini kwa kuwa yafanana naye. Hiyo ndiyo iyaungayo mambo ya mtu yakawa kisa chenye mahali na wakati. Nayo huchukua miaka kukomaa, na sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso, ishikayo hatamu za umakini, huchukua miaka mingi zaidi, hata kupita balehe. Kwa hiyo mtoto mchanga hukumbuka, lakini hana uzi wa kuvitungia visa vyake vikadumu hata ukubwani. Wala kusahau kisa si kupotea kwa athari yake. Hakuna kati yetu akumbukaye siku aliyojifunza neno "mama", na neno tunalo.

Kwa miaka mingi utafiti wa namna hii ulifanywa kwa watoto wa Marekani na Ulaya tu, kama kwamba watoto wa Afrika hawana vichwa. Mambo yamebadilika. Katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, kwa ndugu zetu Wamandinka, wataalamu waliotoka Uingereza pamoja na wenyeji wamekuwa wakimvika mtoto kofia yenye taa ndogo ndogo. Nuru yake, ambayo jicho haliioni vizuri, hupenya ngozi na mfupa bila ya kudhuru, ikarudi na khabari ya damu iendayo sehemu fulani ya ubongo. Mtoto huwa mapajani mwa mamake, hana sindano wala maumivu. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 2014, na baadaye watoto wa Gambia na wa Uingereza wakalinganishwa wakiwa na miezi 5 na miezi 8, wakisikilizishwa sentensi moja ikirudiwa rudiwa kwa lugha ya kwao. Pande zote mbili ubongo ulipunguza kuitikia kwa kadiri sentensi ilivyorudiwa. Ni kule kuzoea alikokuona Fantz, sasa kukionekana ndani ya kichwa chenyewe.

Na kwetu? Toka hapa Kisauni, shika njia ya Mtwapa, kilomita kama 60 utafika Kilifi, mahali ambapo tangu mwaka 1989 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, imefanya kazi pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza. Huko Profesa Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha makuzi ya watoto wa miezi 6 hadi 35, kilichotangazwa mwaka 2008, kwa kuwa vipimo vya kigeni haviwatoshi watoto wa huku. Mtoto ambaye hajapata kuona kitabu cha picha, ukimpima kwa kitabu cha picha umempima umaskini, hukumpima akili. Mwaka 1976 Charles Super aliandika juu ya watoto wa Kipsigis kwamba huketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, na sababu yake ni kwamba wazazi wao huwafundisha kwa makusudi kuketi na kutembea. Katika kutambaa, ambako hawafundishwi, hawakuwatangulia. Basi mtoto huwa hodari katika lile azoezwalo.

Kilifi pia walitumia mchezo ambao asili yake ni Jean Piaget wa Uswisi, na matokeo yake yakatoka mwaka 2013. Mchezo wenyewe ni mwepisi. Weka vikombe viwili vilivyofunikwa kifudifudi. Ficha kitu chini ya kikombe cha kulia, mtoto akiona, naye atakitoa. Rudia mara mbili tatu. Kisha kifiche chini ya cha kushoto, naye akiona vile vile. Mtoto wa miezi 8 au 9, ukimngojesha kidogo, mara nyingi atapeleka mkono kulia, pale alipozoea! Watu hucheka. Lakini tazama ni kazi ngapi zatakiwa: ashike moyoni mahali papya, na papo hapo auzuie mkono usifuate mazoea. Huo ndio mwanzo wa kujimiliki, na wengi wetu na ndevu zetu bado twapeleka mkono kulia. Zaidi ya watoto 300 wa vijiji vya Kilifi walichezeshwa mchezo huu.

Sasa tufikie yale yaliyotufanya tuishike kalamu, nayo ni mambo yanayouharibu ubongo huu nasi tumekaa twatazama.

La kwanza ni dege, ambalo wengine huliita nyuni. Mtoto apandwa na homa, ashtuka, macho yageuka, mwili wakakamaa. Watu husema ndege amempitia, na safari ya kwanza huwa kwa mganga. Ndugu zetu, mara nyingi huyo ni mtoto mwenye homa kali, na katika nchi yetu homa hiyo huenda ikawa malaria iliyopanda kichwani. Kila saa ipitayo yala katika ubongo wake. Madaktari wa Kilifi waliwafuatilia watoto walionusurika na malaria kali, wakakuta baadhi yao miaka kadhaa baadaye wana upungufu wa kumbukumbu, wa umakini na wa lugha. Huko Kampala, waliolazwa hospitali ya Mulago kwa malaria ya kichwa walipimwa miaka miwili baadaye, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008: takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na upungufu wa akili wa namna fulani, na umakini ndio uliodhurika zaidi. Watoto hao walikwisha kupona. Walikuwa wakicheza uwanjani. Hapana aliyejua kilichopotea mpaka walipopimwa.

Mtoto akishikwa na dege, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole kinywani, usimfukize, na umkimbize hospitali iliyo karibu: aliye Changamwe ana Port Reitz, na aliye Likoni asiseme atangoja kivuko kipungue watu avuke kwenda Makadara, bali aanze na hospitali ya Likoni papo hapo. Na twasema kwa uwazi juu ya kombe: kumnywesha kombe, au maji yoyote, mtoto asiyejitambua, ni kumtia maji mapafuni. Wala hatumkatazi mzazi kumsomea mwanawe. Msomee ndani ya gari. Kusoma hakulizuii gari kwenda.

La pili ni manjano ya watoto wachanga. Manjano kidogo huja na kuondoka, lakini yakizidi, sumu yake huingia ubongoni na katika mishipa ya masikio, na mtoto akabaki kiziwi. Kumwanika juani hakutoshi yakiwa makali. Iko nuru maalumu ya hospitali. Na vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo tuviwekavyo makashani baina ya nguo, twavinukia vizuri, lakini kuna watoto wengi wa pwani waliozaliwa na upungufu fulani wa damu ambao harufu ya vidonge hivyo hupasua chembe zao za damu na kuwaletea manjano ya khatari. Nguo za mzazi zifuliwe na kuanikwa kwanza.

La tatu litawaudhi baadhi ya kina mama na makungwi, nalo ni wanja wa manga machoni mwa mtoto. Wanja mwingi uuzwao madukani umepimwa katika nchi nyingi ukakutwa na risasi, yaani ile madini nzito ya kijivu, nayo ni sumu ya ubongo khasa kwa wadogo. Hatuzungumzi hapa hukumu ya mtu mzima kujipaka. Twazungumza juu ya mtoto wa siku saba ambaye hujipangusa macho kisha hutia mkono kinywani.

Na simu. Mama ana shughuli, mtoto alia, apewa simu yenye katuni, anyamaza. Twaelewa shida hiyo. Lakini Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Simu husema lakini haisikilizi. Mtoto akiguna, haimgunii. Nyanya aliye jikoni akuna nazi huku akimsemesha mjukuu, akanyamaza kidogo amngoje ajibu "aa-guu", amfanyia kazi ambayo simu haiiwezi.

Twamalizia kwa vyuo vyetu, kwa kuwa huko ndiko hesabu hii yote hulipwa. Aletwa mtoto wa miaka mitano, asomeshwa alifu kwa kijiti wiki tatu, naye hashiki. Huambiwa mzito, mtundu, ana shetani. Hupigwa. Mbali na kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza, bakora haijapata kulirudisha sikio lililokufa kwa manjano wala umakini ulioliwa na malaria. Kwa ajili hiyo, katika chuo cha darsa yetu tumekubaliana kwamba mwanafunzi mpya hatoandikwa daftarini mpaka mzazi ameulizwa mambo manne. Mtoto alizaliwa kwa salama, akalia papo hapo? Alipata manjano mengi? Amepata dege, mara ngapi, na alipelekwa wapi? Na je, akiitwa kwa sauti ndogo kutoka nyuma, hugeuka? Hili la mwisho mwalimu hulijaribu mwenyewe pale pale mlangoni, akisimama hatua tatu nyuma ya mtoto, naye mtoto amepewa kitu cha kuchezea mkononi. Asiyegeuka mara ya tatu hupewa barua ya kwenda kupimwa masikio, na nafasi yake chuoni huwekwa mpaka arudi.